Butare Mbili: Nasaha kwa Wanaosomea Ualimu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola aliyetutoa matumboni mwa mama zetu hatujui lolote, kisha akatupa masikio, macho na nyoyo za kujifunzia. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na kila aliyeifuata njia yao kwa wema. Ama baad.



Wahariri wa jarida hili wameniomba nasaha kwa ajili ya toleo la mahafali, na mada wameichagua wenyewe: mafanikio ya wanafunzi na wahitimu wa kitivo cha elimu. Nimeipokea kwa furaha kwa sababu mimi ni mwalimu na maisha yangu yote ni miongoni mwa walimu. Ila mtaniwia radhi nianze na jiografia kabla ya dini.

Nchi yetu ina Butare mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: ule mji wa kusini ambao siku hizi tunauita Huye, mji wa chuo kikuu. Ya pili ni umurenge wa Butare katika wilaya ya Rusizi, upande tuliozoea kuuita Cyangugu, kule juu milimani ukishaliacha bonde la Bugarama na mashamba yake ya mpunga. Ninakofundisha ni huku. Ukimwambia mtu wa Kigali kwamba unafundisha Butare, anakuuliza uko idara gani. Ukimfafanulia ni Butare ipi, ananyamaza kidogo, kisha anakupa pole.

Pole hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia leo.

Butare ya kwanza ilifunguliwa chuo kikuu mwaka 1963. Kilianza na wanafunzi 51 na wahadhiri 16, hesabu ambayo leo haijazi hata ukumbi mmoja wa mihadhara. Na kilianza na sehemu tatu tu: tiba, sayansi za jamii, na chuo cha kuandaa walimu. Nchi ilikuwa na mwaka mmoja tangu ipate uhuru, haina fedha, haina barabara, na katika vitu vyote ambavyo ingeweza kuvitaka kwanza, mwalimu aliwekwa pamoja na daktari. Baadaye ikaja taasisi ya taifa ya ualimu, iliyounganishwa na chuo kikuu mwaka 1981. Kisha yakaja Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na kati ya waliouawa walikuwamo walimu na wanafunzi wasio na idadi. Madarasa yaliyofunguliwa tena hayakuwa na wa kusimama mbele yake. Ndiyo maana mwaka 1999 ikaanzishwa Taasisi ya Elimu ya Kigali, KIE, kazi yake kubwa ikiwa ni kuziba pengo hilo. Mwaka 2013 vyuo vikuu vya umma vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na Koleji ya Elimu leo ina makao yake Rukara, wilaya ya Kayonza. Kutoka Rukara hadi Rusizi unaikata nchi nzima, toka upande wa Tanzania hadi upande wa Kongo.

Ndugu zetu waliojenga vyuo vya Kiislamu katika ukanda huu walifuata hesabu ileile. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa Mbale Februari 1988, kilianza na wanafunzi 80 na vitivo viwili: kimoja cha taaluma za Kiislamu na kingine cha elimu. Wahitimu wake wamo hata humu nchini, na baadhi yenu mmefundishwa nao. Kule Zanzibar, chuo kilichoanzishwa Chukwani mwaka 1998 kwa juhudi za marehemu Dakta Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait hakikuanza na sheria wala biashara. Kilianza kama chuo cha elimu, na leo ni chuo kikuu kinachobeba jina lake. Mtu huyo alikuwa tabibu. Angeweza kujenga hospitali peke yake na hakuna ambaye angemlaumu. Hospitali alijenga pia, lakini alijua kwamba mgonjwa hutibiwa mmoja mmoja, na mwalimu mmoja hubeba darasa.

Sasa turudi kwetu sisi Waislamu wa Rwanda, kwa sababu kuna jambo ambalo wengi wenu, kwa umri wenu, hamkulikuta.

Zama za Wabelgiji babu zetu waliwekwa katika mitaa yao, kambi za Waswahili, na shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni. Mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma alikutana na mlango wenye sharti. Wapo waliobadilisha majina ili wakubaliwe, mtoto akaitwa jina moja darasani na jingine nyumbani. Wapo wazazi waliosema afadhali mtoto abaki mjinga wa kalamu kuliko apoteze dini, wakampeleka kwenye biashara, udereva au ushonaji. Profesa José Hamim Kagabo aliiandika historia hii katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu Uislamu na Waswahili nchini mwetu, atafutaye akisome. Hata neno lenyewe Mswahili likawa tusi, maana yake mjanja, mwongo, mtu asiyeaminika sokoni. Waislamu wakachanga wakajenga shule yao ya Intwari pale Nyamirambo kabla ya uhuru, na miaka mingi baadaye ikaja sekondari ya sayansi ya Kiislamu, palepale Nyamirambo. Wazee waliofanya hayo wengi wao hawakuwa na cheti cha darasa lolote.

Kwa hiyo ninapomwona kijana wa Kiislamu amevaa joho la mahafali, binti amevaa hijabu yake chini ya kofia ile ya pembe nne, kwangu hilo si jambo dogo. Mcheza kwao hutunzwa, na sisi tuna haki ya kuwatunza. Pigeni picha. Wapikieni wageni. Furaha ya halali haina kosa.

Lakini Mwenyezi Mungu, katika Surat at-Tawba, aya ya 122, ametufundisha utaratibu wa kwenda kusoma. Anatueleza kwamba haiwapasi waumini kutoka wote kwa pamoja. Litoke kundi katika kila jamaa likajifunze dini, ili liwaonye watu wake litakaporejea kwao. Wanazuoni wameizungumza sana aya hii kwa upande wa elimu ya sheria, na ndilo jambo lililokusudiwa. Mimi naomba mtazame mwisho wake tu: litakaporejea kwao. Safari ya elimu katika aya hiyo ina kwenda na ina kurudi, na waliobaki nyumbani wana haki kwa yule aliyekwenda. Hawakubaki kwa uvivu. Walibaki wakilima, wakichunga, wakilinda mji ili mwenzao apate nafasi ya kukaa na kitabu.

Sunna ikatupa mfano wenye uhai. Imam Bukhari amepokea kwamba Malik ibn al-Huwayrith (R.A.) alifika kwa Mtume (S.A.W.) pamoja na wenzake, vijana wa rika moja, wakakaa naye siku ishirini. Siku ishirini tu. Ndiyo ilikuwa shahada yao. Mtume akawaona wamewatamani watu wao. Hakusubiri waombe ruhusa. Akawauliza wamemwacha nani nyumbani, wakamweleza, akawaamuru warudi kwa watu wao, wakae nao, wawafundishe, na wasali kama walivyomwona yeye akisali. Katika hadithi hiyo hamna tuzo wala cheo. Kuna swali moja, nalo ni swali la mlezi: umemwacha nani nyumbani?

Kuna kipande kingine cha maisha ya Malik ambacho hakisimuliwi sana. Miaka mingi baada ya hapo, Mtume amekwisha kufariki, Malik yuko Basra, Iraki, mbali na Madina. Abu Qilaba anapokea kwamba Malik aliingia katika msikiti wao akawaambia kuwa atasali nao, na hakuwa na haja nyingine ila kuwaonyesha namna alivyomwona Mtume akisali. Akasimama, akarukuu, akainuka, akasujudu, akaketi, na watu wanatazama. Yale ya siku ishirini alikuwa bado anayafundisha. Nyinyi mnasoma miaka mitatu au minne.

Na yupo Mus'ab ibn Umayr (R.A.). Huyu hakurudi kwao, alipelekwa ugenini. Kijana wa Makka aliyelelewa kwa starehe, mavazi mazuri na manukato, aliposilimu mama yake akamnyima kila kitu. Baada ya mkataba wa kwanza wa Aqaba, watu kumi na wawili wa Yathrib waliomba mwalimu, na Mtume akawapa Mus'ab. Hakupelekwa mzee mwenye heshima ya ukoo wala tajiri wa kufungua mifuko. Alikwenda kijana, akapokewa nyumbani kwa As'ad ibn Zurara, akaanza kufundisha.

Tazameni alivyofundisha, enyi mnaosoma mbinu za ufundishaji. Usayd ibn Hudayr, mmoja wa wakubwa wa mji, alimjia na mkuki mkononi akamtaka aondoke. Mus'ab hakukimbia na hakumjibu kwa ukali. Alimwomba aketi asikilize. Likimpendeza alikubali, likimchukiza wao wataliacha. Usayd akaona ni haki. Akauchomeka mkuki ardhini, akaketi. Wangapi kati yetu tungeweza kumketisha mtu mwenye mkuki? Mimi nimeshindwa na watoto wa kidato cha kwanza wenye rula. Msimu wa hija uliofuata, waliokuja Aqaba walikuwa zaidi ya wanaume 70 na wanawake wawili, na katika mji ule karibu kila nyumba ilikuwa na Mwislamu. Mji huo ndio ulioitwa Madina. Mwalimu alitangulia, Mtume akafuata.

Mus'ab alikufa shahidi Uhud. Masahaba walitafuta cha kumkafini wakapata nguo moja. Wakifunika kichwa miguu inaonekana, wakifunika miguu kichwa kinaonekana. Mtume akaamuru wafunike kichwa na miguuni waweke majani ya idhkhir. Khabbab ibn al-Aratt (R.A.) alipokuwa akikumbuka jambo hilo uzeeni, wakati Waislamu wamekwisha kupata mali, alisema kwamba wapo waliotangulia wasionje chochote cha malipo yao duniani, na akamtaja Mus'ab kuwa mmoja wao.

Sasa nifungue ukurasa wa mafanikio wa jarida hili. Nimesoma matoleo kadhaa na nimefurahi. Fulani amepata udhamini wa shahada ya pili Uturuki. Fulani ameajiriwa na shirika la kimataifa Kigali. Fulani amemaliza na daraja la kwanza. Fulani amekuwa mratibu wa mradi. Mashaallah, Mungu awabariki wote, siwaonei kijicho. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walisema wahenga, na msinilaumu kwa kutaja tembo mbele ya Waislamu. Maana yake mnaielewa. Kumsifu mtu mbele ya watu ni mtihani kwa anayesifiwa na kwa anayesifu. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, mmoja wa watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama ni msomi aliyejifunza na kufundisha ili aitwe msomi. Ataambiwa kwamba alikwisha kuitwa, na kwamba alichokitaka alikipata duniani. Ukisoma hadithi hiyo kisha ukafungua ukurasa wenye picha yako, mkono unatetemeka kidogo. Utetemeke.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba katika matoleo yote niliyoyasoma, chini ya kichwa cha habari cha kitivo cha elimu, sikumwona mtu hata mmoja aliyeandikwa kwa sababu anafundisha. Karibu wote waliotajwa wametajwa kwa sababu wameondoka darasani. Tumeandika mafanikio ya kitivo cha ualimu kama orodha ya waliouacha ualimu.

Niwape mfano wa aliyestahili kuandikwa. Miaka michache iliyopita alipangiwa shuleni kwetu dada mmoja, mhitimu wa hisabati na fizikia. Jina lake silitaji kwa kuwa hapendi kutajwa. Alifika na pikipiki, godoro limefungwa nyuma, mvua ya milimani inanyesha. Watoto wetu wa kidato cha tatu walikuwa wanajifunza hisabati kwa kunakili madaftari ya waliowatangulia, pamoja na makosa yake. Alianza kuwakusanya saa moja kabla ya kengele. Wazazi wasio Waislamu walimtazama hijabu yake kwa mashaka muhula wa kwanza. Muhula wa pili wakawa wanamletea maharage.

Katika darasa hilo alikuwamo binti wa Kiislamu ambaye baba yake alikwisha kuamua aache shule, aende akauze vitu mpakani Kamanyola. Nyumba ile ilikuwa na njaa, nami simlaumu mzee. Mwalimu akaenda kwao. Akaenda tena. Mara ya tatu mzee, kwa hasira kidogo, akamwuliza, "Wewe binti, baba yako alikuruhusu kufika huku peke yako?" Akajibu, "Ndiyo, mzee wangu. Nauli alinipa yeye." Mzee akakaa kimya muda mrefu, kisha akacheka. Binti akabaki shuleni, akafaulu, na leo yuko chuo cha ualimu cha Mururu, hapahapa Rusizi, anajiandaa kufundisha shule ya msingi.

Kitivo gani kinadai mafanikio makubwa kuliko hayo? Mhadhiri wa Rukara aliyemfundisha dada huyu namna ya kupanga somo, hamjui huyo binti wa Mururu na hatamjua. Lakini tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba mwanadamu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na moja ni elimu inayonufaisha. Elimu ile ilitoka Rukara, ikapanda pikipiki, ikafika Butare ya pili, sasa iko Mururu inasubiri watoto ambao hawajazaliwa. Daftari hilo linaandikwa na Malaika, na jarida letu halikuwa na nafasi.

Vijana huniuliza waziwazi: ustadh, ni dhambi mtu aliyesomea ualimu kufanya kazi nyingine? Sisemi ni dhambi, na yeyote asinibebeshe fatwa hiyo. Riziki imegawanywa na Mola, watu wana wazazi wa kulea na wadogo wa kusomesha. Wala siungi mkono wale wanaomwambia mwalimu kwamba kazi yake ni wito, kwa hiyo asiulize mshahara. Wanazuoni walikhitalifiana juu ya ujira wa kufundisha hata Qur'ani yenyewe, na wengi wao wakaona inajuzu, wakitegemea hadithi sahihi. Ikiwa ni hivyo kwa Qur'ani, mwalimu wa kemia ana haki ya kudai chake. Agosti 2022 serikali ilitangaza nyongeza: asilimia 88 kwa walimu wa shule za msingi wenye cheti cha A2, asilimia 40 kwa wenye diploma na shahada. Siku hiyo chumba cha walimu kwetu kilikuwa kama Idd. Ninachowaambia ni kwamba yule anayesema ualimu haulipi atazame takwimu za leo, asikariri malalamiko ya kaka yake mkubwa. Na mwaka 2020 yalijengwa madarasa zaidi ya 22,000 nchini. Kuta zipo. Kuta hazifundishi.

Kuna deni pia. Wengi wenu mnasoma kwa mkopo unaosimamiwa na Benki ya Maendeleo ya Rwanda. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache, akawataka masahaba wamsalie wao, hadi Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile juu yake ndipo akamsalia. Dinari chache! Najua wengine huanza na suala la riba. Suala hilo lina masheikh wake, waulizeni, lakini halijapata kufuta deni la asili, na fedha hiyo ndiyo itakayomsomesha mdogo wako. Na wale wanaonunua tasnifu zilizoandikwa na wengine, kisha wakaenda kusimama mbele ya watoto kuwafundisha uaminifu, hao sina la kuwaambia zaidi ya lile alilolisema Mtume sokoni, alipoingiza mkono katika chakula akakuta unyevu chini: mwenye kudanganya si katika sisi.

Wanaosomea Kiswahili niwaambie jambo, maana ni somo langu. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikapitishwa kuwa lugha rasmi ya nchi. Lugha iliyowafanya babu zetu watukanwe sasa inafundishwa, inatahiniwa, na ina walimu wenye shahada. Bugarama na Kamembe watoto huja darasani na Kiswahili cha sokoni na cha mpakani, kizuri sana, chenye maneno ya Bukavu na ya Bujumbura. Huko juu kwetu milimani mtoto anaanza na alifu. Nyumbani nina tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ile iliyokamilika mwaka 1969, na nadhani nyumba nyingi za Waislamu wa Rwanda zinayo. Kabla ya kuwa Kadhi wa Zanzibar, na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, Sheikh alikuwa mwalimu wa shule. Ukiisoma tafsiri yake unaisikia sauti ya mtu aliyezoea kueleza jambo kwa watoto, akalirudia kwa maneno mepesi, akaongeza mfano. Sidhani angeweza kuiandika vile kama asingepitia darasani.

Dada zangu, nyinyi nawaombea zaidi. Ash-Shifa bint Abdullah (R.A.) alimfundisha kuandika Hafsa, mke wa Mtume, na Mtume mwenyewe akijua na akiridhia. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba mwanamke kushika chaki ni mambo ya kizungu, mwambieni asome kwanza.

Ninalo ombi kwa wahariri. Katika toleo lijalo ongezeni ukurasa mmoja katika ile ya mafanikio. Msiweke picha ikiwa mwenyewe hataki. Andikeni jina la shule, somo, mwaka mhitimu alipofika, na kitu kimoja kilichobadilika tangu afike. Mkikosa habari, niandikieni, nitawapa za walimu wanne kutoka bonde hili na milima hii, wawili wao si Waislamu, nao pia tumeoneana haki.

Na ombi kwa wanaomaliza mwaka huu. Shuleni kwetu mwalimu wa kemia alihamia mjini, na tangu hapo kidato cha pili kinafundishwa kemia na mwalimu wa Kiswahili, ambaye ni mimi. Watoto ni wapole, hawajanilalamikia. Nafasi za wilaya ya Rusizi zikitangazwa, mkikuta limeandikwa jina la Butare msidhani ni kosa la uchapaji. Basi kutoka Kamembe linakushusha Bugarama, na hapo pikipiki hazikosekani. Dereva atakuuliza unakwenda kufanya nini huko juu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.